Breketi za Nyuma za Escort

Mwatate, Taita, vumbi lake ni jekundu, na gari la Safari Rally likipita hukuwahi kuiona sura yake. Lilitokea kwenye kona likiwa limekwisha kupita. Macho yalibaki na mgongo tu: buti, tairi mbili zikirukaruka, na difu ikining'inia katikati. Kaka yangu aliyajua magari kwa mlio wa injini. Mimi, Pasaka baada ya Pasaka, nilikuwa nikitazama difu. Peugeot 504 ilikaa chini nyuma kama kuku aatamiaye, kila gurudumu likipanda na kushuka peke yake. Escort ilikuwa kitu kingine kabisa. Ekseli yake ya nyuma ni gogo moja. Gurudumu la kushoto likikanyaga jiwe, la kulia nalo linapata habari.

Kwa hiyo historia ya Safari mimi naisoma kutoka chini ya gari, na sehemu ninayoipenda kuliko zote ni vile vipande vya chuma vinavyoishikiza ekseli kwenye bodi. Mafundi tunaviita breketi.

Mashindano yalianza 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa karibu miaka 20 ushindi haukutoka nje ya Afrika Mashariki. Joginder Singh alishinda 1965 na Volvo iliyokuwa imeshatumika, Bert Shankland wa Tanzania akachukua 1966 na 1967 na Peugeot 404, Edgar Herrmann akashinda 1970 na 1971 na Datsun. Wageni walikuja na magari ya kiwanda na kurudi kwao mikono mitupu. Ndipo mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Ufini na msomaji ramani wake Gunnar Palm wa Uswidi wakashinda, na gari lenyewe lilikuwa Ford Escort RS1600.

Ukijua Escort ilivyotengenezwa, utaona ushindi huo ulivyokuwa mkubwa. Gari hilo lilitoka Uingereza mwaka 1968, gari dogo la familia, la kwenda kazini na sokoni. Nyuma lilikuwa na springi za vyuma bapa, kama pikapu. Springi za aina hiyo hubeba kazi mbili: zinabeba uzito, na hapo hapo ndizo zinazoishika ekseli isiende mbele, nyuma wala pembeni. Kwa injini ya kawaida zinatosha. Tia injini yenye nguvu maradufu, kanyaga mafuta kwenye changarawe, na difu itataka kujizungusha kinyume cha magurudumu. Springi zinajikunja kama herufi S, kisha zinaachia, zinajikunja tena, na ekseli yote inatetemeka huku tairi zikiikosa ardhi. Mwalimu wangu aliita hali hiyo gari kupiga mateke.

Dawa yake ilipikwa Boreham, kule Essex, kwenye kiwanja cha ndege cha zamani cha vita ambako Ford waliweka idara yao ya mashindano. Springi waliziondolea kazi ya pili. Ekseli ikashikwa na fimbo nne za chuma, mbili kila upande, zikivuta na kusukuma mbele na nyuma, na kifaa kingine cha kuizuia isiende pembeni. Kifaa hicho kina namna mbili. Moja ni fimbo ya Panhard, yenye jina la kampuni ya magari ya Ufaransa: ncha moja kwenye ekseli, nyingine kwenye bodi. Ni rahisi kuifunga, ila ekseli ikipanda na kushuka, fimbo huivuta kidogo upande mmoja. Namna ya pili hutumia fimbo mbili na kipande kinachozunguka katikati, na ekseli inapanda wima. Mpango huo ni wa James Watt, aliyeuandikia hataza mwaka 1784 kwa ajili ya injini ya mvuke. Na kwa kuwa shokamzoba za nyuma zililala mshazari, walikata sakafu ya buti na kuchomelea minara miwili ya chuma ili zisimame wima.

Mwaka 1977 Björn Waldegård alishinda Safari na Escort RS1800 katika mvua iliyofanya barabara kuwa mito. Nilikuwa na miaka 10. Ninachokumbuka ni tope tu, na mngurumo unaopotea kuelekea Voi.

Nilifika Nairobi mwaka 1986 kujifunza kazi Kirinyaga Road, mahali ambapo wazee bado hupaita Grogan. Gereji ya mwalimu wangu, Mzee, ilikuwa na Escort moja iliyochoka, ya mteja. Siku ya kwanza alinilaza chini yake na taa ya mkono. Nikaanza kusifu fimbo, maana zilikuwa nene na safi. Akaniambia, "Fimbo haijawahi kukatika hapa. Tazama inaposhikwa."

Nilimwelewa miaka mitano baadaye. Nilikuwa nimechomelea breketi ya Panhard kwenye bati tupu la sakafu, bati lisilofika hata milimita 1 kwa unene. Breketi yenyewe ilikuwa ya milimita 4, na nilijivunia uchomeleaji wangu. Gari lilirudi baada ya mbio moja, breketi ikiwa imeng'oka pamoja na kipande cha sakafu. Uchomeleaji ulishika vizuri sana. Bati ndilo lililochanika, mviringo mzima, na dereva alikuwa amebakiza mkono mmoja tu kabla ya korongo. Usiku ule sikulala.

Tangu 2003 tumekuwa na Safari ya magari ya kale, na Waldegård mwenyewe alirudi akashinda ile ya 2007 na Escort. Vijana wengi sasa wananiletea breketi zilizoagizwa nje, zimepakwa rangi ya kupendeza, zina matundu matano ya kurekebishia. Ninyi mnaotengeneza magari haya, nawasihi: kabla ya kulipa, tafuteni breketi itakaa juu ya nini. Iwe na mbawa pana za kugawa mzigo, na ifike kwenye chesisi. Isiishie kwenye sakafu. Chini yake wekeni bamba, na mkwangue rangi na kutu mpaka chuma king'ae. Ondoeni waya za betri kabla ya kuchomelea. Shikizeni kwa vidoti vya kuchomelea kwanza, kisha pimeni kwa kamba na timazi kutoka alama mbili za bodi mpaka ekseli, kushoto na kulia, kwa sababu tofauti ya milimita 5 italifanya gari litembee kama kaa.

Na bolti za bushi za mpira msizikaze gari likiwa limeinuliwa kwa jeki. Mpira utakuwa umesokotwa tangu siku ya kwanza, na utapasuka mapema. Lishusheni gari kwanza, lisimame kwa magurudumu yake na uzito wake wote, ndipo mkaze.