Kukumbuka mauti: kisa cha Vesali

Ndugu zangu, wengi tukisikia dini ya Buddha tunafikiria utulivu tu. Lakini ndani ya Vinaya, yaani kanuni za watawa wao, mna kisa cha kutisha.

Buddha alikuwa Vesali, kaskazini mwa India. Akawafundisha watawa kuutazama mwili ulivyo mchafu na wa kuoza, kisha akajitenga nusu mwezi. Kurudi, anawakuta wamepungua. Kulikoni? Walichukia miili yao hata wakajiua, wengine wakaomba wauawe! Ndipo, kisa kinasema, akawafundisha kutulia kwa kufuata pumzi, na ikawekwa sheria: mtawa akiua mtu, au akimshawishi afe, afukuzwe kabisa. Wanaodai dini hiyo yafundisha kuchukia uhai wameishia nusu ya kisa, naona mimi.

Mafunzo yenyewe hayakufutwa. Karne ya 5, kule Sri Lanka, Buddhaghosa katika Visuddhimagga bado anataja hali 10 za maiti, tangu kuvimba hadi mifupa. Ila sasa ana vipimo. Kukumbuka kwamba utakufa, anasema, kunamfaa kila mtawa. Kuitazama maiti ni dawa ya mwenye tamaa nyingi, naye atafute kwanza mwalimu.