Kabambe kwa Hiari

Kuna simu zinazouzwa kwa sifa ya kutofanya mambo mengi. Light Phone II, iliyoanza kuwafikia wanunuzi 2019, ni kazi ya wabunifu wawili wa New York, Joe Hollier na Kaiwei Tang. Inapiga simu, inatuma ujumbe, inakuamsha asubuhi. Mitandao ya kijamii haina, barua pepe haina. Bei yake ilikuwa dola 299. Kwa pesa zetu hizo ni karibu shilingi 38,000, na hapo hujalipa ushuru.

Hapa Nairobi simu inayofanana na hiyo inaitwa kabambe, na ukishuka Luthuli Avenue utaipata kwa chini ya shilingi 2,000. Miaka michache iliyopita ukionekana nayo watu walikuonea huruma. Siku hizi kuna vijana wanaoitafuta kwa makusudi. Wanasema wanataka kurudi enzi zile simu ilikuwa simu tu. Mimi pia nimeinunua. Lakini kwanza nilitaka kujua: hizo enzi zilikuwaje hasa? Tunakumbuka kitu gani?

Nyingi za kumbukumbu hizo zinaishia kwa simu moja, Nokia 1100. Ilitoka 2003, ikauzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Vitufe vyake vilifunikwa kwa mpira mmoja ili vumbi lisiingie. Haikuwa na kamera wala intaneti. Juu kabisa ilikuwa na tochi, na kwa sababu ya hiyo tochi tukaibatiza mulika mwizi. Waliojua kuipa jina waliona mbali: kwa nyumba nyingi zisizo na stima, taa ile ilikuwa na kazi kuliko hata sauti.

Je, mulika mwizi haikutupotezea wakati? Ilikuwa na mchezo wa nyoka, na wasee walicheza mpaka betri ikaisha. Kilichotuzuia hasa kilikuwa bei. Kila ujumbe ulikuwa na gharama yake, na herufi zake zilikuwa 160 tu, kwa hivyo watu walifupisha maneno mpaka mwalimu wa Kiswahili akakasirika. Kupiga simu kulihitaji kredo, na kredo ilikwanguliwa kwa kadi. Ukikosa, una-flash: simu inalia mara moja, unakata, mwenzako anaelewa. Baadaye ukaja ujumbe wa bure wa kumwomba mtu akupigie.

Michael Joseph, aliyeiongoza Safaricom kuanzia 2000 hadi 2010, aliwahi kulalamika kwamba Wakenya wana tabia za ajabu za kupiga simu. Tulimcheka miaka mingi. Lakini tabia hizo zilikuwa hesabu. Mtu mwenye shilingi 50 ya kumaliza wiki hawezi kuongea ovyo. Kwa hivyo ule utulivu tunaoutamani leo haukuwa hekima ya wazee wetu. Ulikuwa ni ukosefu wa pesa.

Halafu ukafika 2007. Januari, Steve Jobs alisimama San Francisco akaonyesha iPhone. Machi, M-Pesa ikaanza Kenya. Ya kwanza ilihitaji simu mpya ya bei ghali. Ya pili iliingia ndani ya laini, kwa menyu ya maandishi, ikafanya kazi kwenye simu ile ile ya tochi. Hapo ndipo kabambe yetu ilipoachana na simu za kujinyima za New York. Yule wa huko akiacha simu janja huenda akalazimika kurudi kwa kadi ya benki. Mimi nikiacha, bado nalipa kodi ya nyumba, nauli na sukuma wiki kwa kubonyeza vitufe.

Ukuta wa bei ulibomoka polepole. 2009 nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa, na intaneti ikaanza kushuka bei. 2011 ikaja Huawei IDEOS, simu janja ya karibu shilingi 8,000, na mwanafunzi wa chuo akaweza kuinunua. 2020 Safaricom ilianzisha Lipa Mdogo Mdogo: unachukua simu ya 4G, unalipa shilingi 20 kwa siku. Wakati huo huo kurasa za mitandao zilikuwa zimepoteza mwisho. Unateremsha kidole, kinakuja kingine, na kingine. Ujumbe wa herufi 160 ulikuwa na mwisho. Huu hauna.

Sasa mimi. Niliacha chuo kabla ya kumaliza, naishi kwa kuandika. Wateja wangu wote wako WhatsApp. Mhariri akituma kazi saa tatu usiku na nisijibu mpaka asubuhi, kuna mwandishi mwingine aliyejibu saa tatu na dakika mbili. Kwa hivyo mtu akiniambia niitupe simu janja nipate amani, namuuliza nani atalipa kodi.

Nilichofanya ni kugawanya. Laini yangu ya M-Pesa, ile ambayo nyumbani wanaijua, iko kwenye kabambe, na kabambe ndiyo inayotoka nami. Simu janja inabaki kwa droo ya meza. Naifungua saa nne asubuhi, saa nane, na saa mbili usiku. Wahariri nimewaambia: kama ni haraka, piga. Mmoja hajanipa kazi tangu nimwambie hivyo. Wawili wameanza kupiga, na simu ya dakika mbili imemaliza mambo yaliyokuwa yakichukua jumbe thelathini.

Nilipomweleza mama, alinitazama kwa muda. Yeye ametumia kabambe miaka yote, na mwaka huu ndio anawekea akiba simu janja ili awaone wajukuu wakiongea.

"Kwa hivyo wewe unaninunulia yako?" akauliza.

Nilimwambia bado naihitaji, mara tatu kwa siku. Akacheka, akasema basi nimpe nikishamaliza. Hatuachi kitu kimoja, mimi na yeye. Yeye alinyimwa chaguo, mimi ninalo, na ukuta ambao bei ilimjengea bure inabidi niujenge kwa mkono, kila asubuhi, nikifunga ile droo.