Nairobi ilizaliwa kinamasini, sasa inahitaji kinamasi

Hebu niwaulize. Ukimeza Septrin asubuhi, jioni iko wapi? Wengi watasema imeisha mwilini. Zii. Sehemu yake inatoka na mkojo, inaingia kwa mfereji wa majitaka, na mara nyingi inaishia mtoni.

Si maneno yangu. Watafiti walishaikuta sulfamethoksazoli, moja ya dawa mbili zilizo ndani ya Septrin, katika Mto Nairobi. Mwaka 2019, Chuo Kikuu cha York kule Uingereza kilitangaza matokeo ya kupima mito katika nchi 72. Kenya ilikuwa kati ya nchi tano ambako antibiotiki zilipita kiwango salama kwa kiasi kikubwa zaidi.

Hatari si ati utakunywa dozi nzima kwa glasi ya maji. Hatari ni bakteria. Dawa kidogo haiwaui, inawafunza. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini 1928, alitoa onyo hilo hilo alipopokea tuzo ya Nobel 1945. Leo mto unawapa bakteria mafunzo bure, usiku na mchana.

Sasa turudi nyuma kidogo. Wamaasai walipaita hapa Enkare Nairobi, maji baridi. Reli ilipofika 1899, mji ulijengwa juu ya ardhi ya majimaji. Tangu hapo kinamasi tumekiona kama adui: mbu, matope, ploti inayongoja kujazwa kifusi.

Kumbe kwingine mtu alikuwa anakitazama kwa jicho tofauti. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mwanabotania Mjerumani Käthe Seidel, akiwa taasisi ya Max Planck mjini Plön, alianza kupitisha maji machafu kwenye mimea ya majini. Wahandisi wengi walimpinga. Lakini aliendelea, na wazo lake likazaa vinamasi vya kujengwa: kitanda cha changarawe, matete juu, majitaka yanapita polepole.

Nasi hatukuachwa nyuma. Mwaka 1994 kinamasi cha aina hiyo kilijengwa Lang'ata kusafisha majitaka ya mkahawa wa Carnivore na bustani ya maji ya Splash. Kilipopimwa, kilipunguza uchafu na bakteria wa kinyesi vizuri sana, na bado kilipendeza kama bustani.

Na antibiotiki je? Kila dawa ina njia yake. Tetrasaiklini hunata kwenye udongo na changarawe. Siprofloksasini hunata pia, na jua huivunja pale maji yalipo wazi. Sulfamethoksazoli ni mkaidi, hainati sana, kwa hiyo inategemea vijidudu wanaoishi kwenye mizizi waitafune taratibu. Ndiyo maana maji yakikimbizwa, kazi haifanyiki.

Tusidanganyane, kinamasi si muujiza. Dawa nyingine hupenya, na bakteria sugu wanaweza kubaki kwenye tope. Halafu kinataka nafasi, na ardhi Nairobi ni pesa. Nimesikia hoja hiyo mara nyingi. Lakini kwani dawa isiyofanya kazi ni bei gani? Muulize mzazi ambaye mtoto wake amebadilishiwa dawa mara tatu wodini.

Maoni yangu ni haya. Hospitali na mitaa mipya ijengewe vitanda vya matete kama hatua ya mwisho kabla maji hayajafika mtoni. Na vinamasi vya asili tulivyobaki navyo tuviache. Mto Nairobi wenyewe unaanzia kinamasi cha Ondiri, kule Kikuyu. Yaani unazaliwa kwenye matete, ndipo sisi tunauchafua njiani.

Na wewe, maliza dozi yako. Hiyo haihitaji mhandisi.