‘Wewe’ mwenye upanga: Historia ya hadithi za mashujaa katika nafsi ya pili

Majuzi msichana wa jirani yangu, mwanafunzi wa Kidato cha Pili, aliniletea insha yake ya Kiswahili akiwa amenuna. Alikuwa amesimulia safari ya shujaa anayekwenda kuikomboa nchi yake, na tangu mwanzo hadi mwisho shujaa huyo ni ‘wewe’: umeamka, umechukua upanga, umeingia msituni. Mwalimu wake alikuwa amekata alama na kuandika kwa wino mwekundu kwamba hadithi husimuliwa kwa nafsi ya kwanza au ya tatu, basi. “Kwani ni makosa, mjomba?” akaniuliza. Nikamwambia aniachie karatasi. Jibu lake limekuwa refu kuliko nilivyodhani.

Mwalimu hakukosea kabisa. Hadithi nyingi mno duniani zimesimuliwa na ‘mimi’ au zimemhusu ‘yeye’. Ila kusema kwamba ‘wewe’ hana nafasi ni kuifuta historia ya vitabu vilivyosomwa na mamilioni ya vijana katika miaka ya 1980, vitabu vya mapanga, mazimwi na wachawi, ambavyo shujaa wake alikuwa yule yule aliyekishika kitabu mkononi.

Wazo la kumwachia msomaji achague njia ya hadithi ni kongwe kuliko vitabu hivyo. Mwaka 1930 Wamarekani wawili, Doris Webster na Mary Alden Hopkins, walichapisha kitabu kiitwacho Consider the Consequences! ambamo msomaji aliwaamulia wahusika mambo ya ndoa na maisha. Lakini wahusika hao walikuwa na majina yao. Msomaji alikuwa kama shangazi anayetoa ushauri tu. Kwa upande mwingine, mwaka 1957 Mfaransa Michel Butor aliandika La Modification, riwaya nzima inayomwita mhusika wake ‘nyinyi’ wa heshima, vous, akisafiri kwa treni kutoka Paris hadi Roma. Hapo msomaji aliitwa ‘wewe’, lakini hakuwa na la kuchagua. Kwa hivyo uchaguzi ulikuwepo huku, nafsi ya pili ikawa kule, na bado havijakutana.

Vilikutana, kwa kadiri fulani, kitandani mwa watoto. Edward Packard, mwanasheria wa Marekani, alikuwa na mazoea ya kuwasimulia binti zake hadithi kabla ya kulala. Usiku mmoja akaishiwa, akawauliza: sasa afanye nini? Kila mtoto akawa na jibu lake. Packard akaandika Sugarcane Island mwaka 1969, wachapishaji wakakataa, kikatoka 1976 kwa mchapishaji mdogo wa Vermont. Mwaka 1979 kampuni ya Bantam ikaanza kutoa mfululizo wa Choose Your Own Adventure, na mengine yakawa biashara.

Chimbuko la pili ndilo linalotuhusu zaidi sisi tunaofuatilia lugha. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo wa Dungeons & Dragons. Wachezaji huketi mezani, mmoja wao akawa msimulizi, naye huwaambia wenzake: unaingia chumbani, unasikia mguno nyuma ya mlango, utafanyaje? Tazama vitenzi hivyo. Ni nafsi ya pili, wakati uliopo. Msimulizi hawezi kusema ‘aliingia’, maana aliyeingia yuko hapo mbele yake anakula biskuti. Hawezi pia kutumia wakati uliopita, kwa sababu jambo lenyewe halijaamuliwa. Kwa maneno mengine, ‘wewe’ wa vitabu hivi hakuzaliwa katika maandishi. Ni sauti ya mtu anayezungumza na mtu, iliyonaswa ikatiwa kitabuni.

Walioinasa ni Waingereza wawili, Steve Jackson na Ian Livingstone, waliokuwa wakiuza michezo hiyo kupitia kampuni yao ya Games Workshop. Agosti 1982 shirika la Puffin likachapisha kitabu chao The Warlock of Firetop Mountain. Kilikuwa na sehemu 400 zilizochanganywa makusudi, na mwisho wa kila sehemu unaelekezwa uende nambari ipi. Ukikutana na adui unatupa dadu mbili, unaandika nguvu zako kwa penseli. Livingstone aliandika nusu ya kwanza, Jackson nusu ya pili. (Msomaji asichanganyikiwe: yuko Steve Jackson mwingine, Mmarekani, ambaye naye aliandika vitabu vitatu katika mfululizo huo huo wa Fighting Fantasy. Wanaotayarisha katalogi za maktaba wanalijua hili kwa machungu.)

Shujaa wa kitabu hicho hana jina. Hana mama, hana kijiji, hana hata sura. Wengine husema huo ni udhaifu wa kisanaa, kwamba mhusika ni bapa. Mimi naona wamepima kwa kipimo cha riwaya ya nafsi ya tatu. Nafasi ile iliachwa tupu ili uingie wewe.

Ndipo akaja Joe Dever. Alikuwa mwanamuziki na mchezaji hodari wa Dungeons & Dragons, bingwa wa mashindano ya mchezo huo Marekani mwaka 1982. Tangu 1977 alikuwa akiijenga dunia yake mwenyewe ya kubuni, Magnamund, na mwaka 1984 akatoa Flight from the Dark, kitabu cha kwanza cha mfululizo wa Lone Wolf, chenye michoro ya Gary Chalk. Humo ‘wewe’ ni mwanafunzi katika makao ya wapiganaji waitwao Kai. Siku ya sikukuu yao umetumwa msituni kutafuta kuni, na si kwa hiari: ni adhabu, kwa kuwa hukuwa makini darasani. Ukiwa huko, majeshi ya Mabwana wa Giza yanashuka na kuwaua wapiganaji wote. Unakimbia kurudi, unajigonga kwenye tawi, unazirai. Ukizinduka umebaki peke yako, na jina lako jipya ni Lone Wolf, yaani Mbwamwitu Mpweke. Lazima umfikie mfalme umpe habari.

(Nilipomsimulia msichana kwamba taifa zima liliokolewa na mwanafunzi asiyesikiliza darasani, aliacha kununa.)

Dever alifanya jambo ambalo, kwa maoni yangu, ni kubwa kuliko mazimwi yake yote. Alimpa ‘wewe’ jina, historia na msiba. Tena stadi ulizochagua katika kitabu cha kwanza, tano kati ya kumi, ziliendelea nawe hadi kitabu cha pili na cha tatu. Ukijifunza kuponya majeraha, unabaki mponyaji miaka na miaka. Katika vitabu vingi vya kabla ya hapo, shujaa wa nafsi ya pili alikufa kila kitabu kilipofungwa. Sasa akawa na kumbukumbu.

Hata hivyo, kuna bei iliyolipwa. Kadiri ‘wewe’ alivyozidi kuwa Lone Wolf, ndivyo alivyozidi kuwa mtu mwingine. Ni mwanamume wa nchi ya Sommerlund, ana kisasi ambacho hukukianzisha wewe. Umekuwa mpangaji katika nyumba ya mtu. Unafungua dirisha upendalo lakini rangi ya ukuta ilichaguliwa zamani. Msichana anayesoma vitabu hivyo anaambiwa yeye ni mvulana, na hilo halikuwa la lazima kisarufi, kwani ‘you’ ya Kiingereza haina jinsia.

Kifaransa hakikuwa na bahati hiyo. Shirika la Gallimard lilipoanza kuvitoa vitabu vya aina hii mwaka 1984, liliviita ‘kitabu ambacho nyinyi ndio shujaa’, na katika lugha hiyo shujaa, le héros, ni wa kiume tangu jaladani. Vivumishi vingi ndani ya kitabu navyo lazima viamue: umechoka wa kiume au umechoka wa kike?

Kiswahili hakiulizi. ‘Umechoka’ ni umechoka, awe Amina au Otieno. Aidha, kile ambacho Kiingereza hukisema kwa maneno mengi, sisi tunakibeba kwa silabi: ukifungua mlango, nenda sehemu ya 82. Ile ‘-ki-’ peke yake ni njia panda.

Wala nafsi ya pili si mgeni katika fasihi yetu ya maandishi. Mwana Kupona alipomwandikia binti yake utendi mwaka 1858 alimwambia ‘wewe’ afanye nini na asifanye nini. Ulikuwa wosia, si hadithi, na hapo pana somo: masikio yetu yamezoea kuisikia nafsi ya pili katika wosia, maelekezo na lawama. Hebu sema, “Ulikuja, ukakaa, ukala, ukaondoka bila kuaga.” Huo si usimulizi, ni kesi! Ndiyo maana naamini msimulizi wa Kiswahili anayemchukua ‘wewe’ kwenda vitani atafaa zaidi abaki na ‘-na-’ na ‘-me-’, na aitumie ‘-ka-’ kwa tahadhari.

Kuna mitego mingine. Kitenzi ‘hukuona’ kina maana mbili: wewe hukumwona mtu, au kuna anayekuona kila mara. “Jitu hukuona gizani.” Je, wewe hukuliona jitu, au jitu hilo lina kawaida ya kukuona? Katika hadithi ya kawaida muktadha utatuokoa. Katika kitabu ambacho uhai wa msomaji unategemea sentensi hiyo, mwandishi akizembea amemuua mteja wake kwa kiambishi. Tena kiambishi ‘u-’ si mali ya nafsi ya pili pekee. Kinatumiwa pia na ngeli za U-I na U-ZI, ambamo mmo mlima, mkuki, ukuta na upanga, yaani karibu vyombo vyote vya shujaa.

Nimemrudishia msichana karatasi yake. Nafsi ya pili sikuigusa. Nilipiga mstari mahali pamoja tu, ukurasa wa pili, alipoandika: “Umeshika upanga. Unatetemeka.” Nikamwambia msomaji hajui ni nani anayetetemeka, kwa hivyo aongeze neno ‘mkono’ ili tujue ni shujaa anayeogopa.

“Lakini haogopi, mjomba,” akasema. “Ni upanga.”