Bunduki ndogo ya .22 na sungura wa Australia: historia yenye somo kwa mkulima



Msimu uliopita mzee mmoja alinifuata na fedha zake za ufuta mfukoni. "Bwana Shamba," akasema, "sungura wamenimalizia kunde. Nataka kununua bunduki ndogo ya .22, ile ya kukoki kwa mkono. Iliyo bora naitambuaje?" Mimi si fundi wa silaha, nikamwomba siku chache nisome. Nikakuta swali lake waliwahi kuwa nalo wakulima wengi wa mbali, na yaliyowapata yanatufaa na sisi.

Ilivyozaliwa

Mwaka 1845 Mfaransa Louis-Nicolas Flobert alichukua fataki ya bunduki akaipachika kirisasi kidogo. Nguvu ya fataki peke yake ilitosha kukirusha, na watu wakawa wanalenga shabaha ndani ya nyumba. Mwaka 1857 kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani ilitoa risasi fupi ya .22 yenye baruti kidogo. Mwaka 1887 kampuni ya Stevens, ya huko huko Marekani, ikatoa ile ndefu zaidi, .22 Long Rifle, ambayo ndiyo inayotumika zaidi hadi leo.

Katika risasi hii dawa ya kulipua imo ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, na pini ya bunduki hugonga hapo ukingoni. Ni rahisi kutengeneza, ndiyo maana bei yake ikawa ndogo. Kasoro yake ni kwamba dawa isipoenea sawasawa ukingoni, risasi inaweza kugoma.

Mwaka 1900 Winchester ilitoa bunduki ya .22 yenye bolti, iliyobuniwa na John Browning. Bolti hufanya kazi kama komeo la mlango: unainua mkono wake, unavuta, ganda linatoka, unaweka risasi nyingine, unasukuma na kushusha. Vyuma vya kuharibika ni vichache, na mpigaji hulazimika kutulia kabla ya risasi ya pili.

Sungura wa Australia

Mwaka 1859 Thomas Austin aliingiza sungura 24 kutoka Uingereza kwenye shamba lake la Barwon Park, jimbo la Victoria, ili apate wa kuwinda. Wakazaana hadi wakala malisho ya nchi. Watu waliwapiga risasi, wakawatega, wakawawekea sumu. Australia Magharibi ilijenga uzio wa zaidi ya kilomita 1,800, nao ukapitwa.

Hapo bunduki ya .22 ikawa chombo cha kila shamba. Wakati wa dhiki ya miaka ya 1930 familia nyingi zilikula nyama ya sungura na kuuza ngozi zake, ambazo manyoya yake yalitengenezea kofia. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kiwanda cha Lithgow kilichokuwa kikitengeneza bunduki za jeshi kilitengeneza .22 za bolti kwa ajili ya raia.

Hata hivyo bunduki haikuwamaliza sungura. Kilichowapunguza sana ni ugonjwa wa miksomatosi, ulioachiwa makusudi mwaka 1950. Wale waliobaki wakajenga kinga, wakaanza kuongezeka tena. Bunduki ililisha familia, lakini haikuokoa malisho.

Sifa za iliyo bora

1. Mtutu. Dawa ya risasi za zamani iliacha chumvi iliyokula chuma, hadi ilipopatikana isiyoozesha miaka ya 1920. Bunduki kuukuu unaimulika ndani: mifereji ionekane safi, bila vishimo vya kutu.
2. Bolti. Ijifunge bila kulegea, na itoe ganda kila mara.
3. Kifyatulio na kifungio cha usalama. Kifyatulio kisijiachie kwa mtikisiko, na kifungio kishike kweli.
4. Shabaha. Ipige mahali pamoja kila mara. Bunduki za Brno za Chekoslovakia zilijipatia jina kwa hilo. Jaribu aina kadhaa za risasi, kwani kila mtutu una unayoipenda.
5. Vipuri. Bunduki isiyo na vipuri wala fundi karibu ni mzigo.

Kabla hujatoa fedha

Kwetu Tanzania, silaha huanza na kibali, chini ya sheria ya silaha ya mwaka 2015. Kuwinda nako kunahitaji kibali chake, chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009, hata kama ni sungura. Muone kwanza afisa wanyamapori. Na usiidharau risasi kwa udogo wake: huweza kwenda zaidi ya kilomita moja, na ikigonga jiwe au maji huruka upande. Nyuma ya shamba lako kuna nyumba ya nani?

Nilimweleza mzee haya yote. Tukapiga hesabu: bunduki, risasi, kibali, safari za mjini. Sungura wetu wa porini hachimbi mashimo kama wale wa Australia, kwa hiyo uzio uliobanwa vizuri chini humzuia. Mzee akazungushia wavu na miba robo eka ya kunde, fedha nyingine akanunulia mbegu. Bunduki anasema bado anaitaka. Kunde mwaka huu amevuna.