Istilahi "Usonji" na Hesabu za Watoto

Mfasiri akabidhiwapo taarifa mbili za kitabibu, moja ya mwaka 1966 na nyingine ya mwaka 2025, huelekea kuandika "usonji" kotekote. Neno ni lile lile, lakini dhana ni mbili, na hapo ndipo tarakimu zinapompotosha msomaji.

Neno la asili lilibuniwa na tabibu wa Uswisi, Eugen Bleuler, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya "nafsi". Katika kitabu chake cha mwaka 1911 lilitaja dalili tu ya skizofrenia. Mwaka 1943 Leo Kanner, huko Baltimore, Marekani, aliliazima kwa ajili ya watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3, waliojitenga na watu na kutaka kila jambo libaki vile vile. Kuazima huko kuliacha utata wa muda mrefu. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliwaweka watoto wa namna hiyo chini ya skizofrenia ya utotoni hadi mwaka 1980, ulipoutenga "usonji wa utotoni".

Victor Lotter alipowahesabu watoto wa Middlesex, Uingereza, katika utafiti uliotolewa mwaka 1966, alipata 4.5 kwa kila 10,000. Kipimo chake kilifuata maelezo ya Kanner. Mwaka 1979 Lorna Wing na Judith Gould walionyesha kwamba watoto wengi wa Camberwell, London, walikuwa na matatizo kama hayo bila kutimiza sifa zote za Kanner. Kutokana na kazi hiyo mipaka ya dhana ilipanuka, hata mwongozo wa mwaka 2013 ukaziunganisha aina zote katika "wigo wa usonji".

Nchini Marekani jambo hili halikuwa la wanalugha peke yao. Mwaka 1990 sheria ya elimu iliutaja usonji miongoni mwa ulemavu unaompa mtoto haki ya huduma maalumu shuleni. Watoto ambao zamani wangeandikwa "wapungufu wa akili" wakaanza kuandikwa chini ya jina jipya. Katika maeneo yaliyochunguzwa huko, mtoto 1 kati ya 150 wenye umri wa miaka 8 alitambuliwa mwaka 2000. Mwaka 2022 alikuwa 1 kati ya 31. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo imetokana na kupanuka kwa maana na kuimarika kwa uchunguzi, ingawa hatuwezi kudai kwamba ndiyo sababu pekee.

Kwa hiyo twapendekeza "usonji wa utotoni" kwa maandishi yanayofuata mwongozo wa 1980, na "wigo wa usonji" kwa yale ya baada ya 2013. Na taarifa inapohesabu waliotambuliwa, tafsiri iseme "waliotambuliwa", wala isiseme "wagonjwa wameongezeka".