Kwa nini Kaskazini iligeuka mwaka 2011?



Vijana wa madrasa hapa Kuluba hutuuliza: Kaskazini ya Uganda ilimpa kura Dkt. Kizza Besigye mwaka 2006. Ilikuwaje miaka mitano baadaye ikampa Rais Museveni? Wengi hujibu kwa neno moja tu: pesa. Lakini Suratul Hujurat inatufundisha kuchunguza habari kabla ya kuhukumu. Basi na tuchunguze.

Kwanza, hesabu. Mwaka 2006 Museveni alipata asilimia 59 nchi nzima na Besigye 37. Tarehe 18 Februari 2011 Museveni alipanda hadi 68, Besigye akashuka hadi 26. Waliojitokeza kupiga kura nao walipungua, kutoka asilimia 69 hadi 59.

Pesa zilikuwepo, hatukatai. Januari 2011 Bunge lilipitisha bajeti ya nyongeza ya shilingi zaidi ya bilioni 600, na waangalizi wa Umoja wa Ulaya walisema uwanja haukuwa sawa. Lakini hata mwaka 2006 Mahakama ya Juu ilikuta hongo na vitisho katika baadhi ya maeneo, na bado Kaskazini ilimkataa Museveni. Kwa hiyo pesa peke yake haitoshi kueleza mgeuko huu.

Kilichobadilika ni amani. Mwaka 2006 watu wa Acholi walikuwa bado kambini kwa sababu ya vita vya LRA. Mazungumzo ya Juba yalianza Julai mwaka huo. Kony hakutia saini mkataba wa mwisho mwaka 2008, lakini bunduki zilinyamaza Kaskazini na watu wakarudi mashambani. Sisi wa West Nile twaijua ladha hiyo, tangu UNRF II walipotia saini amani huko Yumbe, Desemba 2002. Mtu anayelala kwake bila hofu hupiga kura tofauti na aliye kambini.

Tena upinzani uligawanyika. Norbert Mao wa DP na Olara Otunnu wa UPC, wote wana wa Acholi, walisimama dhidi ya Besigye.

Wazazi, tuwafundishe watoto wetu hivi: hongo ni haramu, na tuikemee. Lakini tusimwite jirani yetu aliyeuzwa, huenda alichotaka ni usingizi wa amani tu.